Siri ya Mhunzi na Siri ya Mita

Kaskazini mwa Singida, ambako uwanda wa Iramba huteremkia mbuga ya Wembere na bonde la Ziwa Eyasi, Wadatoga wamedumu na desturi ya kale: uhunzi haufunzwi kila atakaye, bali hurithiwa katika ukoo wa Gidang'odiga, ambao wenziwao hawaoi kwao wala hawawaozi binti zao. Desturi hiyo ina dhuluma ndani yake, kwani mhunzi alihitajiwa na kila mtu ilhali hakukubaliwa kuwa shemeji wa yeyote. Walakini ndiyo iliyoihifadhi siri. Mwindaji wa Kihadzabe aliyeleta asali akapewa kigumba cha mshale aliweza kukigeuzageuza mchana kutwa, na kigumba kisimwambie mivukuto ya ngozi ya mbuzi ilipulizwa kwa kadiri gani, wala chuma kilitolewa motoni kikiwa na rangi ipi. Kitu kiliuzwa, elimu ikabaki kwa fundi.

Zama zetu zimeipindua kanuni hiyo. Ndani ya mita ya umeme ya LUKU iliyotundikwa ukutani Kiomboi au Manyoni mna mikrokontrola, kompyuta nzima katika kipande cha silikoni, na maarifa ya aliyeiunda yamo humohumo, amri baada ya amri. Auzaye chombo kama hicho hukabidhi na akili yake. Ndiyo sababu watengenezaji wa chipu walibuni kufuli la ndani, ambalo likishafungwa programu haisomeki kutoka nje, na katika chipu nyingi alifunguaye hukuta kumbukumbu imefutika. Hata hivyo kufuli hilo si ngome, maana wajuzi wamekwisha kulishinda kwa kuuyumbisha umeme wa chipu, au kwa kuliyeyusha ganda lake kwa tindikali.

Sheria ya Hakimiliki Na. 7 ya 1999 inazilinda programu za kompyuta nchini Tanzania, lakini hekima iliyo bora, kwa rai yangu, ni ile ya waasisi wa mfumo wa mita hizi huko Afrika Kusini: njia yenyewe waliitangaza kwa wote, wakauficha ufunguo peke yake, kila mita na wake, na tarakimu 20 anunuazo mteja hufumbuliwa kwa ufunguo huo. Mfumo ulihesabu dakika tangu mwanzo wa 1993, na hesabu yake ilikomea dakika 16,777,216, yaani tarehe 24 Novemba 2024. Kabla ya siku hiyo shirika la umeme, TANESCO, liliwapa wateja tarakimu za kubadili funguo ili hesabu ianze upya, nao wakaziingiza kwa vidole vyao wenyewe, kisha ndipo wakaingiza za umeme.