Nidhamu Iliyotangulia Dawa

Mwaka 1983 wagonjwa watatu wa kwanza wa UKIMWI nchini Tanzania walitambuliwa mkoani Kagera. Jina hilo lilikuwa bado halijafika vijijini. Watu wa Bukoba waliuita ugonjwa huo "Juliana", kwa jina la nguo za fahari zilizopitishwa kwa magendo kutoka Uganda baada ya vita vya 1978 na 1979. Waliozivaa walikuwa vijana wenye fedha, na miongoni mwao ndimo watu walimoona wa kwanza kukonda. Wengi waliamini kwamba wafanyabiashara wa ng'ambo waliodhulumiwa wamewaroga wadeni wao.

Mwaka 1987 wataalamu wa Muhimbili, pamoja na wenzao wa Chuo Kikuu cha Umeå nchini Sweden, walipima damu za watu wazima. Mjini Bukoba karibu 24 katika kila mia walikuwa na virusi. Wilayani Muleba 10. Mwaka 1996 Bukoba mjini ilishuka hadi 13, na mwaka 1999 Muleba ilifikia 4 hivi. Msomaji azingatie miaka hiyo, kwa maana dawa za kufubaza virusi zilianza kutolewa bure na Serikali mwaka 2004.

Wapo wanaosema kwamba hesabu ilishuka kwa sababu wagonjwa walikufa. Hilo ni kweli kwa sehemu, na makaburi yaliyomo vibanjani ni ushahidi. Lakini maambukizi mapya nayo yalipungua, na mjini Bukoba nafuu ilionekana hasa kwa wanawake wa miaka 15 hadi 24. Watu walikuwa wamebadili mwenendo. Ngoma za usiku na mikesha ya rubisi zilipunguzwa. Wachumba walianza kudaiana vyeti vya kupimwa damu. Mipira ya kiume, iliyokuwa haitajwi mbele ya wakwe, ikatajwa.

Zito kuliko yote lilikuwa suala la kurithi wajane. Mila hii wazee wetu hawakuiweka kwa uasherati. Kibanja kilikuwa mali ya ukoo, na mjane aliyerithiwa na shemeji alibaki na migomba yake na watoto wake. Kukataa kurithiwa kulikuwa kuhatarisha makao. Basi tunaposifu nidhamu ya Wahaya, nasi twaisifu, tukumbuke kwamba gharama yake haikugawanywa sawa: mwanamume aliacha anasa, mwanamke aliweka rehani kibanja.

Tena nidhamu hiyo haikuwa na la kumpa aliyekwisha kuambukizwa. Katika hospitali za Rubya na Ndolage aliweza kutibiwa kifua na vidonda, kisha akarudi nyumbani kuzikwa. Mabibi walilea wajukuu kana kwamba ndio kwanza wanaanza uzazi. Hotuba juu ya mwenendo mwema, na sisi watumishi wa Serikali tulizitoa nyingi, hazikumwinua kitandani hata mmoja.

Dawa ilipokuja iliwainua. Lakini ni dawa ya kila siku, maisha yote. Akiiruka mara kwa mara, virusi hujifunza kuishinda, na akiishika barabara hadi virusi visionekane tena katika kipimo, hamwambukizi mwenzake kwa kujamiiana. Tumewaona Muleba wazee wasio na saa ukutani ambao hutia maji kikombeni na kungoja redio itangaze taarifa ya habari ya saa mbili usiku, ndipo wameze.