Bomba ya hewa ya jeep: kabla ya kununua snorkeli, kuangalia viungo

Kwenye barabara ya Bukavu kwenda Uvira, jeep nyingi zina bomba nyeusi inayopanda kando ya kioo cha mbele mpaka usawa wa paa. Kwenye garaji inaitwa snorkeli. Kuna wanaoinunua juu ya maji, kuna wanaoitaka juu ya sura tu, na wauzaji wa piesi wanaongeza kwamba inatia moteri nguvu. Lakini kwa gari inayofanya kazi mashariki mwa Kongo, faida yake ya kila siku iko kwenye vumbi.

Moteri inameza hewa nyingi kuliko watu wanavyofikiri. Ile inayoitwa 1HZ, ya mazutu, litre 4.2, inayojulikana sana kwenye Land Cruiser za aina ya 70, ikizunguka mara 2,000 kwa dakika inavuta karibu litre 4,200 za hewa kila dakika. Kama hewa hiyo inachotwa chini, karibu na gurudumu, nyuma ya lori, mwezi wa saba, filtre inajaa mbio. Na vumbi ikipata njia ya kupita pembeni ya filtre, inafanya kazi ya msasa: inakula segma na kuta za silinda. Gari inaanza kunywa oili, inatoa moshi wa bluu, asubuhi inakataa kuwaka. Shofere anahisi nguvu zimepungua, kumbe moteri inaelekea kufunguliwa yote.

Kwa hiyo kuchagua kunaanza na filtre yenyewe. Filtre ya karatasi ya kiwanda, yenye mpira unaobana sawasawa kwenye sanduku lake, inashika vumbi laini vizuri. Zile za pamba zenye kupakwa oili, zinazouzwa kama za «sport», zinapitisha hewa kwa urahisi zaidi, lakini nyingi zinaachia pia vumbi laini zaidi. Oili ikizidi, inaweza kuchafua kihisio cha hewa kwenye gari za kisasa. Mbaya kuliko zote ni filtre ya koni inayowekwa wazi chini ya kapo bila sanduku. Hapo moteri inavuta hewa ya moto, na hewa ya moto ni nyepesi. Bukavu na Goma ziko kwenye mita karibu 1,500 juu ya bahari, hewa yenyewe tayari ni pungufu. Kelele itaongezeka, nguvu hapana.

Snorkeli nayo inanunuliwa kwa kufuata aina ya gari, moteri yake, na upande ambao sanduku ya filtre iko. Ile ya «gari zote» inalazimisha fundi kukata na kuunganisha ovyo. Plastiki nzito inayovumilia jua inadumu. Zile nyepesi za bei ya chini jua linazikausha, halafu zinapasuka kwenye mashimo ya skurubu. Kichwa chake pia kina maana. Kile kinachotazama mbele kinafaa safari nyingi, lakini gari ikifuata zingine kwenye vumbi nzito, kukigeuza nyuma kunasaidia. Kuna pia kichwa cha mviringo kinachozungusha hewa na kutupa vumbi nje kabla haijafika kwenye filtre. Kwa gari za kazi, hicho kinastahili pesa yake.

Sehemu inayosahauliwa ni viungo. Kuna gari zinazotoka kiwandani na bomba ya juu ambayo haikufungwa kuzuia maji. Ilitengenezwa kwa vumbi tu. Chini ya sanduku ya filtre mara nyingi kuna tundu dogo la kutoa maji ya mvua. Hilo likibaki wazi, hata bomba ndefu namna gani haizuii mto kuingia. Fundi mzuri anaonyesha kila kola na kila tundu kabla ya kulipwa.

Kupima si kazi kubwa. Moteri ikiwa inawaka polepole, kichwa cha snorkeli kinafunikwa kwa kipande cha mpira kizito, siyo kitambaa, juu kitambaa kinaweza kuvutwa ndani. Moteri inapaswa kukabwa na kuzimika. Ikiendelea kunguruma, kuna mahali pengine inapovutia hewa. Baada ya wiki chache za vumbi, kitambaa cheupe kinapitishwa ndani ya bomba inayotoka kwenye filtre kwenda moteri: kikitoka na vumbi, gari isisafiri mpaka uvujaji upatikane.

Na kwenye maji, snorkeli haigeuzi jeep kuwa mtumbwi. Alterna, giaboksi na difu haziko juu ya paa, na mkondo unaweza kusukuma gari hata kama moteri inapumua. Maji hayakubali kubanwa kama hewa. Yakiingia kwenye silinda, biele inapinda, na kwenye mazutu, yenye kubana sana, hali ni mbaya zaidi. Gari ikizimika ndani ya mto, shofere asijaribu kuiwasha tena. Inavutwa nje, filtre inafunguliwa. Kama imelowa, fundi anatoa enjekta au plagi za kupasha moto na kuzungusha moteri polepole kwa mkono mpaka maji yatoke yote.