Chagua: Historia ya Kitambaa Kinachozaliwa Mara ya Pili



Mmoja wenu aliniuliza kwa nini hapa Bujumbura nguo kuukuu huitwa caguwa, ilhali vitabu vyetu vya Kiswahili huziita mitumba. Swali hilo lina uzito kuliko alivyodhani. Mtumba ni furushi, mzigo uliofungwa; jina hilo huitazama bidhaa kabla haijafunguliwa. Caguwa ni kitenzi chetu “chagua” kilichovikwa tahajia ya Kirundi, nacho humtazama mtu aliyeinama juu ya rundo, akipekua. Huko Zambia watu husema salaula, neno la Kibemba lenye maana hiyo hiyo.

Ukipita katika soko la Ruvumera, mtaani Buyenzi, utaona kwamba si kila anayepekua anatafuta vazi. Nimepata kumtazama fundi wa makochi akichagua kwa muda mrefu: pazia zito, koti la sufu lililotoboka kiwiko, suruali kadhaa za jinzi. Alivuta kila kitambaa kwa mikono miwili, akakinusa, akakiinua kwenye mwanga. Baadaye vitambaa hivyo vikawa mgongo na makalio ya kochi la watu wasiomudu kitambaa kipya kutoka ng’ambo.

Leo makampuni makubwa hujivunia vitambaa vya viti vilivyotengenezwa kwa taka, hasa poliesta itokanayo na chupa za plastiki zilizosagwa, zikayeyushwa na kuvutwa kuwa nyuzi. Wanaviuza kama uvumbuzi wa karne hii. Si kweli. Mwaka 1813, katika mji wa Batley, Uingereza, Benjamin Law alianza kutengeneza kitambaa kwa sufu ya nguo zilizochakaa. Vita vya Napoleon vilikuwa vimeifanya sufu kuwa adimu na ghali. Inasimuliwa kwamba wazo lilimjia alipoona matambara yakitumiwa kujazia matandiko ya farasi. Yaani kitambaa kile kilianzia ndani ya kikalio, kama ilivyo kwa fundi wetu wa Buyenzi.

Kazi yenyewe ilikwenda hivi. Matambara yalichambuliwa kwa aina na rangi, vifungo na mishono ikaondolewa, kisha mashine yenye meno ya chuma ikayachana hadi yakarudi kuwa nyuzi. Nyuzi hizo fupi zilichanganywa na sufu mpya, zikasokotwa na kufumwa upya. Mabaki yasiyofaa kabisa yalimwagwa mashambani kuwa mbolea. Kitambaa kiliitwa shoddy, na kwa kuwa baadhi ya watengenezaji walikifanya kwa ulaghai, neno hilo likaishia kumaanisha kitu hafifu. Ninaona hukumu hiyo si ya haki: aliyeharibu jina ni mlaghai, si tambara.

Zingatieni hatua ya kwanza, kuchambua. Waliofanya kazi hiyo Batley walikuwa wanawake wengi, katikati ya vumbi, na vidole vyao viliweza kutambua sufu kwa kuigusa tu. Maarifa hayo yapo Ruvumera leo. Tunachokosa ni mashine yenye meno.

Kusokota na kufuma tulikujua. COTEBU, kiwanda cha nguo cha Bujumbura kilichojengwa kwa msaada wa China, kilipokea pamba ya bonde la Imbo na kutoa vitambaa vilivyovaliwa nchi nzima. Katika miaka ya 2000 kikafungwa, na baadaye kampuni ya Afritextile ikaifufua mitambo yake. Aghalabu husemwa kwamba caguwa ndiyo iliyokiua. Jibu hilo ni rahisi mno. Vita vilivyoanza mwaka 1993 na vikwazo vya kiuchumi vya majirani zetu, kuanzia 1996 hadi 1999, haviwezi kufutwa katika hesabu hiyo.

Hata hivyo dhana ya uadui kati ya soko na kiwanda ilifika mbali. Machi 2016, viongozi wa Jumuiya ya Afrika Mashariki walikubaliana kukomesha hatua kwa hatua uingizaji wa nguo kuukuu. Marekani ilipotishia kuondoa nafuu za biashara chini ya AGOA, nchi nyingine zilirudi nyuma, Rwanda ikashikilia msimamo na mwaka 2018 ikapoteza nafuu hizo kwa nguo zake. Burundi ilikuwa imekwisha kuondolewa katika mpango huo tangu mwanzo wa 2016. Mjadala ulihusu kufunga mlango au kuuacha wazi. Ni nadra kusikia mtu akiuliza kama rundo la Ruvumera lingeweza kukilisha kiwanda.

Kuna kizuizi cha kweli. Sufu ya zama za Law ilikuwa sufu tupu. Fulana ya leo mara nyingi ni pamba iliyochanganywa na poliesta, na kutenganisha nyuzi hizo ni kazi ngumu hata kwa viwanda vikubwa. Ndiyo maana fundi yule alinusa na kuvuta kabla ya kulipa. Vipande alivyovikataa baada ya kukata hakuvitupa: alivisokomeza chini ya sponji, kwenye pembe ambako kochi huanza kubonyea.