Jina likikaa kiti kisicho chake

MWANAFUNZI wangu mmoja wa uzamili aliniletea tafsiri ya istilahi za mifumo endeshi ya kompyuta. Neno ‘uzi’ alikuwa amelipa vitu viwili tofauti. Nilipomkosoa alinijibu: “Lakini Prof, hata waundaji wenyewe walichanganya.” Nikanyamaza. Hakukosea.

Hebu tufafanue. Mchakato ni programu inayoendeshwa, yenye eneo lake la kumbukumbu. Uzi ni mkondo mmoja wa kazi ndani ya mchakato huo. Mchakato ni nyumba; nyuzi ni jamaa wanaoishi humo na kutumia jiko moja.

Sasa, kiini cha FreeBSD, mfumo wa ukoo wa Unix uliotolewa mara ya kwanza 1993, kilikuwa na kundi la amri za ndani zilizoanza kwa kthread. Herufi k ni ya kiini, thread ni uzi. Mtayarishaji programu aliyeandika kthread_create alidhani anaumba uzi. Kumbe anajenga nyumba nzima!

Madhara yalijitokeza pale wahandisi walipotaka nyuzi za kweli ndani ya mchakato mmoja wa kiini. Jina lililofaa lilikuwa limeshakaliwa.

Toleo la 8.0, lililotoka 2009, lilikata shauri. Kundi lote la zamani likaitwa kproc, yaani mchakato wa kiini. Kthread_create ikawa kproc_create. Jina kthread wakapewa wenyewe, nyuzi halisi, kwa amri mpya kama kthread_add. Tazama kitenzi: uzi huongezwa penye mchakato uliopo. Gharama ilikuwepo, maana programu zilizotegemea majina ya kale zilibidi kurekebishwa.

Wapo watakaosema, si jina tu jamani? Katika Unix, amri ya kuunda faili huandikwa creat, bila e ya mwisho. Ken Thompson, mmoja wa waasisi wake, alisema baadaye kwamba angepata nafasi tena angeiongeza. Haikuongezwa, na hakuna anayepotea. Hilo ni kosa la tahajia. La kthread lilikuwa kosa la maana.

Nasi vilevile. ‘Tarakilishi’ na ‘kompyuta’ zinaishi pamoja bila ugomvi kwa kuwa kitu ni kimoja. Neno moja kwa vitu viwili ndilo hatari, na usipoziba ufa utajenga ukuta. Nilimrudishia kijana tafsiri yake. Safari hii alitenganisha: mchakato huku, uzi kule.