Ganda la Korosho Lilikopita

Anayebangua korosho kwa mkono hujipaka majivu viganjani kwanza. Ganda likipasuka hutoa mafuta mazito ya hudhurungi yanayobabua ngozi, na mabaka yake hukaa siku nyingi.

Wareno waliuleta mkorosho kutoka Brazil karne ya 16, nao ukapanda toka pwani hadi uwanda wa Makonde. Kufikia miaka ya 1930 korosho ghafi za Afrika Mashariki zilikuwa zikibanguliwa Kollam, kusini mwa India. Baadaye zikapitia Mtwara, bandari iliyojengwa kwa ajili ya mradi wa karanga wa Waingereza. Kila gunia liliondoka na maganda yake, na mafuta yake yakatengeneza vanishi na breki za magari huko ng'ambo. Hiyo ni hasara ambayo kusini mwa Tanzania haijawahi kulipwa.

Msimu wa 1973/74 Tanzania ilivuna tani 145,000 hivi. Wa 1986/87 hazikufika 20,000. Operesheni Vijiji, iliyowahamishia watu katika vijiji vya pamoja, iliwatenga wakulima na mikorosho yao, bei ikawa duni, ugonjwa wa ubwiriunga ukakausha maua. Watafiti wa kituo cha kilimo cha Naliendele, jirani na mji wa Mtwara, ndio walioinua zao hilo tena kwa salfa dhidi ya ugonjwa huo na miche bora.

Mafuta ya ganda bichi yamejaa asidi anakadiki. Mwaka 2000 watafiti wa Japani walieleza inavyovuruga mitokondria za ini la panya. Hizo ndizo sehemu za seli zinazounguza chakula kwa oksijeni ili kupata nishati. Asidi ikiingia, protoni, chembe ambazo msukumo wake huzalisha nishati hiyo, huvuja kwenye utando wa ndani: chakula kinaendelea kuungua, lakini nishati inaishia kuwa joto.

Wanaotafuta dawa za saratani wana sababu ya kulifuatilia jambo hili. Miaka ya 1920 Mjerumani Otto Warburg aliona uvimbe ukila sukari nyingi na kuichachusha hata penye oksijeni, akadhani mitokondria zake zimeharibika. Baadaye ikabainika kwamba seli nyingi za saratani bado zinazitegemea. Dawa ya enasidenib, iliyoidhinishwa Marekani mwaka 2017 kwa aina moja ya saratani ya damu, huzuia kimeng'enya chenye kasoro kilichomo humo humo ndani ya mitokondria.

Tatizo ni kwamba moyo na ubongo navyo vinaishi kwa mitokondria. Mwaka 1933 kemikali ya dinitrofenoli, inayovujisha protoni vivyo hivyo, ilianza kutolewa Marekani kupunguza unene. Wapo waliopata mtoto wa jicho, wapo waliokufa miili ikiwaka joto, na mwaka 1938 ikaondolewa. Kwa hiyo asidi ya korosho bado ni jambo la maabara, na asije mtu akanywa mafuta ya ganda akidhani anajitibu.

Katika Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, Profesa Egid Mubofu na wanakemia wenzake wamefanya kazi miaka mingi kuyageuza mafuta hayo kuwa kemikali zenye thamani. Sehemu kubwa ya korosho za Mtwara, hata hivyo, bado huuzwa India na Vietnam zikiwa na maganda yake.