Bwawa dogo la kuzuia mafuriko: Tuta linalosahaulika hadi siku ya mvua

USIKU wa kuamkia Septemba 11, 2023, mabwawa mawili yaliyojengwa miaka ya 1970 juu ya mji wa Derna, nchini Libya, yalipasuka kwa kufuatana. Mvua ya kimbunga Daniel iliyajaza, tuta la juu likaachia, maji yakalishukia la chini, kisha yakaingia mjini watu wakiwa wamelala. Maelfu walipoteza maisha, na sehemu kubwa ya mji ilisombwa hadi baharini.

Mabwawa hayo hayakujengwa kwa ajili ya umeme. Kazi yake kubwa ilikuwa kuukinga mji dhidi ya mafuriko. Nyufa zilikuwa zimeonekana tangu mwaka 1998, mkataba wa ukarabati ukatiwa saini mwaka 2007, na kazi iliyoanza mwaka 2010 ikasimama baada ya miezi michache vita vilipozuka mwaka 2011. Hivyo kinga ya mji iligeuka kuwa chanzo cha maangamizi yake.

Bwawa la juu la Derna lilikuwa na kimo cha mita 75, kwa hiyo halikuwa dogo. Hata hivyo, kilichoyaua mabwawa hayo ndicho kinachoyaua mamia ya matuta madogo ya udongo yaliyotapakaa katika nchi zetu.

Bwawa dogo ni lipi?

Tume ya Kimataifa ya Mabwawa Makubwa huhesabu kuwa bwawa kubwa lile lenye kimo cha mita 15 au zaidi kutoka kwenye msingi, au lenye kimo cha kati ya mita 5 na 15 lakini linalohifadhi zaidi ya mita za ujazo milioni 3. Yaliyo chini ya hapo ndiyo madogo.

Neno "dogo" lisimdanganye msomaji. Mita moja ya ujazo ya maji ina uzito wa tani moja, hivyo bwawa la mita za ujazo 100,000 ni tani 100,000 zilizozuiwa na tuta la udongo. Novemba 6, 1977, bwawa la Kelly Barnes katika jimbo la Georgia, Marekani, lenye kimo cha takriban mita 12 tu, lilibomoka usiku na kuua watu 39. Kwa sababu hiyo wataalamu hupima hatari ya bwawa kwa kuangalia nani anaishi chini yake, zaidi ya kuangalia kimo chake.

Hapa ndipo wakazi wa mijini wanapohusika. Tuta lililojengwa miaka 40 iliyopita juu ya mashamba matupu linaweza leo kuwa juu ya nyumba, shule na soko. Tuta halikubadilika, lakini hatari yake imeongezeka mara nyingi.

Linavyofanya kazi

Bwawa la kuzuia mafuriko haliyamalizi maji, bali huyachelewesha. Chini ya tuta hupita bomba linaloruhusu kiasi kidogo cha maji kutoka wakati wote, na pembeni huachwa utoro, yaani njia ya wazi ya kupitisha maji ya ziada kabla hayajafika kilele cha tuta.

Chukua mfano wa hesabu. Ikiwa mafuriko yanaingiza mita za ujazo 30 kwa sekunde kwa muda wa saa moja, na bomba linatoa mita 5 tu kwa sekunde, mita za ujazo 90,000 zitabaki bwawani. Mvua ikikatika, maji hayo yatatoka taratibu kwa muda wa saa tano, na mto wa chini hautavuka kingo zake.

Sasa tuseme bwawa hilohilo limejaa tope la mita za ujazo 30,000. Nafasi iliyobaki itajaa kwa dakika 40, na kuanzia hapo kila kitu kitategemea utoro. Kama nao umezibwa na vichaka au kibanda cha mtu, maji yatapanda juu ya tuta.

Tope hili si jambo la kufikirika. Mwanzoni mwa miaka ya 1970, watafiti wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam na wenzao wa Uppsala, Sweden, walipima mabwawa ya mkoani Dodoma, likiwamo la Ikowa lililojengwa mwaka 1957. Walibaini kuwa mmomonyoko wa miinuko iliyolimwa na kulishwa mifugo kupita kiasi ulikuwa ukiyajaza kwa kasi iliyoyapa uhai wa miongo michache tu.

Kuna pia mvutano wa matumizi. Wakati wa kiangazi wakulima na wafugaji wangependa bwawa lijae, ilhali kuzuia mafuriko kunataka libaki tupu likisubiri mvua. Bila ya kanuni iliyoandikwa inayoonyesha kiwango cha mwisho cha maji kwa kila msimu, mwenye kiu ya leo atamshinda mwenye hofu ya kesho.

Linavyovunjika

Mabwawa ya udongo hubomoka zaidi kwa njia mbili. Ya kwanza ni maji kupita juu ya tuta. Udongo ulioshindiliwa huhimili uzito wa maji yaliyotulia, lakini hauhimili maji yanayokimbia mgongoni mwake. Mfereji mdogo hufunguka upande wa chini, hurudi nyuma hadi kileleni, na ndani ya muda mfupi tuta hukatika.

Njia ya pili hufanyika kwa siri. Maji hupenya ndani ya tuta au kandokando ya bomba, huanza kubeba chembe za udongo, na kidogo kidogo huchimba handaki. Mlango wa handaki hilo mara nyingi hufunguliwa na mzizi wa mti uliokufa ukaoza, na mchwa, au na fuko na panya. Ndiyo maana mti mkubwa juu ya tuta, ambao kwa mpita njia ni kivuli, kwa mhandisi ni tishio.

Dalili ya kutazamwa ni rangi ya maji yanayovuja. Karibu kila tuta la udongo huvuja kidogo, na maji maangavu yasiyoongezeka yanahitaji kupimwa na kufuatiliwa tu. Maji yakitoka na tope, au yakiongezeka ghafla wakati hakuna mvua, maana yake ni kwamba tuta linaliwa kutoka ndani.

Kosa la kawaida katika hali hiyo ni kuziba tundu la upande wa chini kwa udongo wa mfinyanzi. Kufanya hivyo huongeza shinikizo ndani, na maji hutafuta njia nyingine. Kinachoshauriwa ni kufunika mahali hapo kwa mchanga, kisha kokoto, ili maji yapite lakini udongo ubaki, huku maji ya bwawa yakipunguzwa kupitia bomba na watu wa chini wakihamishwa.

Mifano ya karibu

Mei 9, 2018, bwawa la Patel huko Solai, Kaunti ya Nakuru, Kenya, lilipasuka usiku na kuua watu wasiopungua 47. Lilikuwa bwawa la umwagiliaji katika shamba la watu binafsi, na baada ya msiba serikali ilieleza kuwa halikuwa na kibali.

Aprili 29, 2024, maji yaliua makumi ya watu karibu na Mai Mahiu. Awali ilidaiwa kuwa bwawa limepasuka, lakini Wizara ya Maji ya Kenya ilieleza kuwa ni karavati chini ya tuta la reli lililoziba kwa magogo, mawe na tope, maji yakakusanyika nyuma yake mpaka tuta likaachia. Tuta lolote ambalo njia yake ya maji imeziba huwa bwawa, hata kama hakuna aliyelikusudia. Siku chache baadaye serikali iliwataka watu waishio karibu na mabwawa na hifadhi za maji 178 kuhama.

Nchini Tanzania, wilaya ya Kilosa inajua gharama ya upande wa pili, yaani ya kukosa kinga. Bwawa la Kidete, lililosaidia kutuliza maji yaendayo mto Mkondoa, liliharibiwa na mvua za El Nino za 1997/98. Desemba 2009 na Januari 2010 mafuriko ya mto huo yaliwaacha maelfu ya wakazi wa Kilosa bila makazi na kuikata Reli ya Kati kati ya Kilosa na Gulwe, huduma zikasimama kwa miezi kadhaa. Hasara hiyo ilifika hadi bandari ya Dar es Salaam.

Matunzo yanayotakiwa

Kazi kubwa ya matunzo haihitaji mitambo ya bei. Kabla ya masika na vuli, nyasi za tuta zikatwe ziwe fupi ili nyufa na matundu yaonekane, miche ya miti ing'olewe ingali midogo, vichuguu na matundu ya wanyama yachimbuliwe na kushindiliwa upya, na mifugo izuiwe kupanda tuta. Utoro usafishwe, na lango la bomba lifunguliwe na kufungwa ili kuhakikisha halijashikwa na kutu.

Baada ya kila mvua kubwa, mtu mmoja anayejulikana kwa jina atembee kileleni na miguuni mwa tuta, aandike kwenye daftari kimo cha maji, mahali panapovuja na rangi yake. Kilele kilichodidimia hata kwa sentimeta chache kijazwe, kwa kuwa maji yatapita hapo kwanza. Tope lipimwe kila baada ya miaka kadhaa, na miinuko ya juu ihifadhiwe kwa miti na makinga maji.

Nani anawajibika?

Tanzania ina Sheria ya Usimamizi wa Rasilimali za Maji Namba 11 ya 2009, inayogusa pia usalama wa mabwawa, pamoja na Bodi za Maji za mabonde tisa. Kenya ina Sheria ya Maji ya 2016 na Mamlaka ya Rasilimali za Maji. Kwa maandishi, mwenye bwawa ndiye anayepaswa kulitunza.

Tatizo huanza pale mwenye bwawa asipojulikana. Matuta mengi yalijengwa enzi za ukoloni au na miradi iliyokwisha, yakabaki mikononi mwa vijiji na halmashauri bila fungu la matengenezo. Kujenga huzinduliwa kwa sherehe, ilhali kufyeka nyasi hakuna anayekuzindua. Wahenga walisema usipoziba ufa utajenga ukuta, na wakazi wa Derna hawakupewa hata nafasi ya kuujenga.

Kwa mkazi wa bondeni, maswali ya kuuliza serikali yake ya mtaa ni machache: juu yetu kuna tuta gani, ni la nani, lilikaguliwa lini, na likiachia usiku tutaambiwa na nani, tukimbilie wapi? Pasipokuwa na majibu, ukaguzi uanze kabla ya mvua zijazo.