Wimbo Huu ni wa Nani?

Kwenye lebo ya santuri, chini ya jina la wimbo, huwa kuna jina jingine dogo ndani ya mabano. Wapenzi wa Queen, bendi ya roki ya Uingereza, huanzia hapo. Mtu anaweza kuupenda wimbo miaka kumi akiamini ni wa Freddie Mercury, maana sauti ni yake, kisha siku moja akaishika santuri yenyewe, akaisogeza kwenye mwanga na kukuta pameandikwa Deacon, au May, au Taylor. Tangu hapo hausikii tena kama alivyokuwa akiusikia. Na tangu hapo ameingia kwenye ubishi ambao mashabiki wa bendi ile wameuendesha kwa nusu karne: katika wanne wale, mtunzi hasa ni yupi?

Sisi tuliokulia Dar es Salaam tulilelewa na ubishi mwingine, wa bendi mbili za dansi, Sikinde na Msondo. Zilikuwapo nyumba ambazo baba ni Msondo na mjomba ni Sikinde, na mjomba akija Jumapili chai inapoa mezani. Lakini sikumbuki hata siku moja mtu kuuliza jina lililo ndani ya mabano. Tulichouliza ni hiki: alipoutoa wimbo huu alikuwa bendi gani? Nani kaimba mbele? Solo kapiga nani? Imenichukua miaka kuona kwamba maswali yao na yetu yanamtafuta mtu yuleyule, kila moja kwa mlango wake. Tena upo mlango wa tatu, wa taarabu, na huo ndio unaomfaa zaidi mpiga besi wa Queen.

Bendi nyingi za roki zina mtunzi mmoja au wawili, wengine wote ni wapigaji. John Lennon na Paul McCartney wa The Beatles walikubaliana tangu ujanani kwamba watakachotunga kitabeba majina yao yote mawili, hata kama mmoja kakitunga peke yake. Queen hawakufanya hivyo. Tangu albamu ya kwanza ya 1973 kila aliyetunga aliandikiwa chake, na kufikia 1984 wote wanne walikuwa wametoa vibao vilivyozunguka dunia: Mercury na Bohemian Rhapsody, Brian May na We Will Rock You, John Deacon na Another One Bites the Dust, Roger Taylor na Radio Ga Ga. Shabiki wa Queen, kwa hiyo, ana watunzi wanne wa kuchagua, na anachagua kweli.

Albamu ya pili, Queen II ya 1974, iliwarahisishia kazi wanaopenda kugawana kambi. Pande za santuri hazikuitwa wa kwanza na wa pili. Uliitwa mmoja mweupe, mwingine mweusi. Mweupe karibu wote ni wa May, na Taylor ana wimbo mmoja mwishoni. Mweusi wote ni wa Mercury. Wanaoipenda albamu hii kuliko zote huwa ni watu wa upande mmoja: ama wanataka gitaa la May linalopangwa tabaka juu ya tabaka, ama wanataka vinanda na visa vya Mercury, ambavyo havitulii mahali pamoja hata dakika mbili. Mimi naisikiliza kwa heshima, ila naisikia kama nyumba yenye ukuta katikati.

Ukuta huo ulivunjika mwaka uliofuata. A Night at the Opera ya 1975 ndiyo ninayoiweka juu, na sababu si Bohemian Rhapsody peke yake, pamoja na dakika zake karibu sita na majuma tisa iliyokaa kileleni Uingereza. Sababu ni ujirani. Humo May ana wimbo wa zaidi ya dakika nane wenye sauti ya unabii, na ana '39, unaopigwa kwa gitaa la kawaida kama wimbo wa mabaharia. Taylor anaimba mapenzi yake kwa gari. Deacon anaingia na You're My Best Friend, alioutunga kwa ajili ya mkewe. Alijifunza kinanda cha umeme ili autunge, na akakipiga mwenyewe kwenye rekodi kwa sababu Mercury hakukipenda chombo kile, alitaka piano halisi. Ukiusikia wimbo huo baada ya ule wa gari, unaelewa bendi hii ilikuwa na vyumba vingapi.

Kuna kitu kidogo kwenye albamu hiyo kinachostahili kutazamwa kwa karibu. Wimbo wa May uitwao Good Company una kipande kinachosikika kama bendi kamili ya jazi ya zamani, tarumbeta na klarineti zikijibizana. Humo hakuna tarumbeta wala klarineti. Ni gitaa tupu, lile ambalo May alilitengeneza na baba yake kwa mbao za fremu ya meko ya zamani, na ambalo hulipiga kwa sarafu ya peni sita badala ya plastiki. Sauti inapita kwenye kikuza sauti kidogo alichokiunda Deacon, aliyesomea elektroniki, kutokana na ubao wa saketi aliouokota kwenye jalala la mtaani. Ndani ya mabano pameandikwa May, na ni haki, wimbo ni wake. Lakini ile rangi inayomfanya msikilizaji atabasamu imepita mikononi mwa Deacon, na lebo haina mahali pa kuliandika hilo.

Hapo ndipo ninaporudi nyumbani, kwa sababu muziki wetu wa dansi ulijua jambo hili bila kuliandika popote. Ubishi wetu haukuwa wa albamu. Wanamuziki waliingia studio za Radio Tanzania Dar es Salaam, wakapiga, mkanda ukabaki redioni, nasi tukausubiri hewani. Kipimo cha kumbukumbu kikawa kikosi. Mtu hasemi „albamu ya 1980”, anasema Sikinde ile ya kina Gurumo na Bitchuka. Na mtunzi, mara nyingi, ndiye aliyekuja na wimbo na ndiye aliyeuimba, kwa hiyo saini yake ilikuwa koo lake. Marijani Rajab hakuhitaji mabano. Wimbo wake Zuwena ukianza, hata mtoto anajua ni nani anayelia pale.

Ila koo lina miguu. Mlimani Park, ndiyo Sikinde, ilipoanza mwaka 1978 ilikusanya watu waliotoka Dar International, kisha Muhiddin Gurumo na Hassan Rehani Bitchuka wakaja kutoka Juwata, ndiyo Msondo, na ramani ya mapenzi ya mji mzima ikabadilika. Mwanamuziki akihama, nyimbo alizozitoa zinabaki na bendi. Mwimbaji Cosmas Chidumule alipookoka na kwenda kumwimbia Mungu, Neema, wimbo alioutoa Sikinde, haikuokoka naye. Ilibaki Sikinde, ikaendelea kuchezesha watu ukumbini. Shabiki wa Queen akisikia hivyo anashangaa, maana kwake wimbo ni mali ya aliyeutunga, na haki inaandikwa na kulipwa. Shabiki wa Sikinde naye hushangaa: wimbo uliotiwa viungo na watu zaidi ya kumi, wapiga magitaa, tumba na tarumbeta, unakuwaje wa mtu mmoja?

Mimi nadhani mshangao wa pili una uzito zaidi, na shahidi wangu ni Michael Enoch. Mashabiki waliimba majina ya waimbaji. Ila Sikinde ile tamu, inayoanza taratibu kama mtu anayesimulia msiba wa jirani, kisha inabadilika mwendo, magitaa yanaanza kusemezana na tarumbeta zinaingia kwa mpangilio usioyumba, ilipita mikononi mwa King Enoch, aliyekuwa akizipanga nyimbo hizo. Tukiuliza „nani kautunga” na kuishia hapo, tunamkosa. Lebo ya Uingereza ingemkosa. Ubishi wetu wa kibarazani nao ulimkosa, na hilo ni deni letu.

Sasa Deacon, yule mpiga besi. Katika Queen huyu ndiye aliyekuja mwisho, ndiye aliyekuwa mdogo wa umri, na ndiye asiyeimba. Hakuimba nyimbo zake, hata moja. Taylor na May waliimba baadhi ya tungo zao. Deacon zote alizikabidhi. Mashabiki wa roki humwita mtu mkimya, wanampenda kama mtu anavyompenda mdogo wake, kisha wanamweka wa nne. Kwa sikio lililozoea taarabu nafasi hiyo si ya nne hata kidogo. Kwetu pwani mshairi hutunga, mwingine hutia sauti, mwingine huimba, na kila mmoja ana heshima yake. Mombasa, Juma Bhalo aliziimba tungo za jamaa yake Ahmad Nassir, malenga ambaye watu humtaja kwa ushairi wake bila kungoja kumsikia akiimba. Hakuna aliyewahi kuona kwamba malenga kapungukiwa kwa kuwa hakushika kipaza sauti. Fumbo ni lake. Mwimbaji amepewa amana.

Ukimsikiliza Deacon kwa kipimo hicho, Another One Bites the Dust ya 1980 inafunguka upya. Besi inagonga noti ileile mara tatu, kisha inaacha nafasi. Nafasi hiyo ndiyo utunzi. Mtu anayetunga kwa ajili ya koo lake mwenyewe hujaza. Huyu ametunga kwa ajili ya koo la mwenzake, kwa hiyo ameacha mahali pa kukaa, na Mercury amekaa. Wimbo ulifika namba moja Marekani. Deacon alipiga mwenyewe vyombo vingi kwenye rekodi ile.

Wapo wanaotaka kumrudisha Mercury Unguja kwa nguvu, kwa kuwa alizaliwa huko Septemba 1946, akiitwa Farrokh Bulsara. Nimeiona nyumba ya Shangani inayotajwa kuwa yao, na wageni wakipiga picha mlangoni. Tuwe waangalifu. Alikuwa mtoto wa Waparsi, akapelekwa shule ya bweni Panchgani, India, akajifunza piano huko, na familia ikaondoka Zanzibar 1964 baada ya Mapinduzi. Hakulelewa na taarabu ya Ikhwani Safaa. Lakini masikio ya mtoto hayana mlango. Katikati ya Bohemian Rhapsody kuna neno la Kiarabu ambalo kila mtoto wa Unguja hulitamka kabla ya kutia tonge mdomoni. Na albamu ya Jazz ya 1978 inafunguliwa na Mustapha, wimbo wake ambao sauti inapanda peke yake kama ya mtu aliye juu ya mnara alfajiri. Mashabiki wengi wa Ulaya huuruka. Mimi siwezi kuuruka.

Wanachokubaliana mashabiki wengi wa Queen ni kutoipenda albamu ya Hot Space ya 1982. Kwa miaka Queen walijivunia, hata kuandika kwenye majalada ya santuri, kwamba hawakutumia sinthesaiza. 1980 wakaanza kuitumia, na Hot Space ikaja na midundo ya disko. Lawama zote zikaangukia chombo. Kelele za namna hiyo tulizisikia miaka ya 1990, vikundi vya East African Melody na TOT vilipoleta taarabu ya kisasa, kinanda cha umeme kikakalia viti vya fidla na ganuni, na wazee wakasema kinanda kimeua taarabu. Sidhani kwamba kinanda kiliua chochote. Kilichopungua ni fumbo: mpasho unampiga mtu usoni, mshairi wa zamani alimwacha ajitambue mwenyewe. Hot Space vilevile. Mashine haina kosa. Aliyekosa mahali ni May, gitaa lake linazurura kwenye nyimbo nyingi kama mgeni ambaye hajaonyeshwa kiti. Under Pressure, waliyoitunga pamoja na David Bowie, inasimama imara ndani ya albamu hiyohiyo kwa sababu kila mmoja ana kazi.

Fedha nazo zilikuwa na neno lake. Wimbo wa gari wa Taylor ulikuwa upande wa pili wa santuri ya Bohemian Rhapsody, na kila santuri iliyouzwa ilimlipa mtunzi wa upande wa pili sawasawa na wa upande wa kwanza. Hilo liliwauma wenzake, na ugomvi wa wimbo wa nani utatolewa uliwachosha. Ilipofika The Miracle ya 1989 wakaamua: tungo zote ziandikwe Queen. Kwa kauli yetu, wakakubali kuwa kikosi.

Mashabiki hawakukubali. Waliendelea kukisia, na wimbo uliowapoteza zaidi ni These Are the Days of Our Lives, wa albamu ya Innuendo ya 1991. Video yake ilipigwa Mei mwaka huo, Mercury akiwa amedhoofu sana, na ikatolewa kwa rangi nyeusi na nyeupe. Haendi huku na huko kama zamani. Anaimba juu ya siku zilizopita, mwishoni anaitazama kamera, anatabasamu kidogo, ananong'ona maneno ya mwisho. Novemba akafariki. Watu wengi waliamini, na wengine wanaamini hadi leo, kwamba ni yeye aliyeuandika, kuaga. Aliyeuandika ni Taylor, aliyekuwa akiwafikiria wanawe. Yumo kwenye video hiyohiyo, ameketi na ngoma yake, anapiga polepole, maneno yake yakiwa kinywani mwa rafiki yake.